Na Nauli Alipata Wapi?

Kuna filamu fupi tulipiga kwetu Sagalla mwezi wa nane, ya dakika saba, kuhusu jamaa anayeenda intavyu. Wengi wenu mmeona vipande vyake hapa, hasa kile cha viatu. Mmekuwa mkiniuliza mbona sijaweka filamu nzima, na wengine mmeanza kusema nimeibiwa simu. Sijaibiwa. Leo nawaambia sababu, lakini mtanivumilia kidogo kwa sababu jibu lina mbuzi ndani.

Filamu inaitwa Tutakupigia. Kama umewahi kukaa mbele ya paneli katika Kenya hii unajua ni kwa nini. Hakuna mtu huambiwa "hapana" kwa intavyu. Unaambiwa asante kwa kuja, tutakupigia, halafu mlango unafungwa nyuma yako pole pole kama wa wodi.

Jamaa wetu ni cuzo wangu. Amevaa viatu vya babake, namba kumi, na yeye anavaa nane, kwa hivyo ndani kuna gazeti. Kila hatua: kwap, kwap, kwap. Nje kuna benchi la watu watano waliovaa kama mabwana harusi, hakuna anayeongea, kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mwizi wa kazi yake. Ndani kuna paneli ya watatu. Wa kwanza anauliza maswali. Wa pili anaandika tu, hainui kichwa. Wa tatu anakula njugu, na swali lake ni moja pekee, mwishoni: "Kwenu ni wapi?"

"Sagalla."

"Hiyo ni Uganda?"

"Ni Voi."

"Aaa! Kwa ndovu!"

Hapo watu hucheka mpaka wanashika ukuta. Halafu mzee wa njugu anauliza, "Sasa, kati ya hawa wote, kwa nini tukuchukue wewe?" Na jamaa, ambaye alikuwa amekariri majibu yote ya YouTube usiku kucha, anapotelewa na maneno. Kimya. Jogoo anawika. (Jogoo hakuwa kwa skripti. Tulipigia kwa darasa la shule ya msingi wakati wa likizo na jogoo wa jirani alikuwa na maoni siku nzima.) Mwishowe jamaa anasema, "Kwa sababu nimetoka mbali."

Paneli inacheka. Tutakupigia. Mlango. Nje jamaa anapigiwa simu na mamake, anasimama wima kabisa kana kwamba mama anamwona, anasema, "Imeenda poa, mama. Wamenipenda." Anatembea. Kwap, kwap, kwap. Mwisho.

Bajeti ilikuwa soda na mandazi. Kamera ni simu yangu, taa ni jua na shuka nyeupe, kipaza sauti ni kile cha kubana kwa kola ambacho upepo wa Sagalla hukigeuza kuwa helikopta. Nilijivunia, siwezi kudanganya. Kwanza, tulipiga hapa. Si mnajua filamu maarufu kuhusu huku kwetu ni zile za simba wa Tsavo, wale wawili walioshika wafanyakazi wa reli mwaka 1898? Ya mwaka 1952, Bwana Devil, ilipigwa California. Ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, ikapigwa Afrika Kusini. Simba wenyewe wako makumbusho Chicago. Yaani hadithi ni yetu lakini hakuna mtu wa filamu alifika kununua hata chai Voi. Basi mimi nikasema hii yetu, hata kama simba ni mzee wa njugu, itapigwa nyumbani.

Tukaionyesha kwanza kwa boma la shangazi. Shuka ile ile, tumeifunga kati ya mwembe na ukuta wa jikoni, projekta tumeomba kanisani. Watu kama arobaini, watoto mbele chini, wazee kwa viti vya plastiki. Wakacheka pale nilitaka wacheke. Kwa ndovu walicheka mara mbili, kwa sababu hao ndovu ni majirani na si utani.

Mamangu hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni, mikono kwa leso. Ilipoisha, watu wakipiga makofi, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo kijana alifikaje huko?"

"Alipanda basi, mama."

"Na nauli alipata wapi?"

"Mama, ni filamu."

"Najua ni filamu. Nauliza, nauli alipata wapi?"

Watu wakacheka tena, wakadhani ni kichekesho cha mwisho. Mimi pia nikacheka. Lakini swali likanikwama kama mfupa wa samaki.

Sasa, wale mnaoandika skripti mnajua sheria ambayo kila mwalimu wa mtandaoni hurudia: ingia kwa tukio ukiwa umechelewa, toka mapema. Usinionyeshe jamaa akiamka, akipiga mswaki, akichemsha chai. Nionyeshe mlango wa ofisi. Ndivyo nilivyofanya. Na ndivyo karibu kila klipu ya intavyu hufanya, hizi za kwetu ambazo tumekulia nazo. Kiti, meza, paneli, jibu la kijinga, kicheko. Ni nzuri, nazipenda, nimejifunza kazi kwa kuangalia watu kama Njugush na Crazy Kennar. Lakini baada ya swali la mama nilirudi kuangalia intavyu ambazo huwa hazinitoki kichwani, nikaona kitu.

Chukua The Pursuit of Happyness ya mwaka 2006. Will Smith anaingia kwa intavyu ya kampuni ya hisa akiwa na fulana na rangi ya ukuta mwilini, mbele ya wazungu wenye suti. Anatoa jibu la kuchekesha kuhusu suruali na chumba kizima kinalegea. Wengi huikata ile sehemu na kuiweka peke yake kama somo la kujiamini. Ukiikata hivyo ni kichekesho tu. Kwa filamu, sisi tayari tumemwona akipaka rangi nyumba anayodaiwa kodi, tumeona polisi wakimchukua kwa sababu ya faini za kuegesha gari, tumeona amelala seli, na tumemwona akikimbia kutoka huko hadi kwa hiyo ofisi. Paneli haijui. Sisi tunajua. Ndiyo maana unacheka na tumbo linauma kwa wakati mmoja.

Ama Nairobi Half Life, ya David Tosh Gitonga, mwaka 2012. Mwas anaenda majaribio ya kuigiza, ambayo ni intavyu kama intavyu nyingine, watu kwa viti wanakuangalia na kalamu. Lakini kabla ya hapo tumemwona akiondoka kijijini, tumemwona akiibiwa kila kitu akishuka tu Nairobi, na usiku wake wa kwanza mjini ni wa seli. Anaposimama mbele ya wale watu unajua kabisa anachoweza kupoteza, kwa sababu ulikuwepo wakati anakipoteza.

Filamu yangu haikuwa na hicho kitu. Jamaa alianguka kutoka mbinguni akiwa na viatu vikubwa. Cuzo alinipinga vibaya sana. Alisema dakika saba hazitoshi kuonyesha ukoo mzima, na kwamba mama si mwalimu wa filamu. Point. Lakini mimi nilikuwa najua kitu ambacho cuzo hakujua, na hapa ndipo mnafaa kukaa.

Ile intavyu ni yangu.

Mwaka 2023 niliitwa Nairobi kwa kazi ya msaidizi wa mawasiliano, kampuni siitaji. Tangazo lilitaka vyeti vyote mapema: cha kodi, cha mkopo wa HELB, cha CRB na kile cha polisi cha tabia njema. Hicho cha polisi pekee nililipa 1,050. (Nilikuja kujua baadaye, na hii muiweke kwa simu: Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, mwajiri hafai kukudai vibali hivi kabla hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Kwanza anakutaka, ndipo unavitafuta. Matangazo mengi bado yanadai kama zamani na sisi bado tunalipa kama zamani.) Ongeza bodaboda kutoka kwetu hadi Voi na kurudi, 400. Basi kwenda na kurudi, 2,400. Picha za pasipoti na kutoa nakala, 300. Kula na matatu za Nairobi, 450. Nilikuwa nimeandika kwa daftari, bado ninalo. Jumla 4,600.

Mama alinipa 4,800. Akasema ni za chama, zamu yake imefika.

Nikapanda basi la usiku. Mtito Andei nikashuka kunyoosha miguu, sikununua kitu, nikaangalia watu wakinywa chai. Asubuhi nikanawa uso kwa choo cha petroli steshoni, nikafunga tai kwa kioo cha gari la mtu. Nilifika saa mbili kama barua ilivyosema. Nikaitwa ndani saa nane mchana.

Dakika kumi na moja. Nilihesabu. CV yangu haikuwa mezani, mmoja wao akaniomba nakala, ndipo nikajua mbona kutoa nakala ni lazima. Waliuliza kama nina uzoefu wa miaka mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne iliyopita. Halafu likaja lile swali, kwa nini tukuchukue wewe, na mimi, mtu ambaye hapa mtandaoni siwezi kunyamaza, nikatoa hilo jibu moja. Kwa sababu nimetoka mbali. Walicheka kwa heshima, mbaya zaidi kuliko kucheka kwa dharau. Mzee wa njugu hakuwepo, huyo nilimwongeza. Swali la kwetu ni wapi lilikuwepo.

Niwe mkweli pia upande ule mwingine. Mdada mmoja ambaye hufanya kazi ya kuajiri aliniandikia baada ya kuona klipu, akasema siku kama hiyo wanaona watu thelathini, kufika saa nane hata wao hawasikii majibu tena. Namwamini. Haibadilishi dakika kumi na moja zangu lakini namwamini.

Nikiwa nje kwa ngazi, mama akapiga. Nikasimama wima. Mengine mmeyaona kwa filamu.

Nilirudi na mia mbili, nikamnunulia mkate na maziwa Voi. Kwa wiki nyingi alikuwa akiniuliza kama simu yangu ina chaji. Haikuwa swali la chaji. Mimi nikawa najibu, bado, hawa watu huchelewa, na kwa sababu sikutaka kuendelea kusema hivyo nikaanza kutengeneza vichekesho. Hiki chote mnachofuata hapa kilianzia hapo, kama mlikuwa mnajiuliza.

Sasa turudi usiku wa filamu. Watu wameenda, projekta imerudishwa. Mama anachagua maharagwe chini ya taa, mimi nakunja nyaya.

Akasema, bila kuniangalia, "Yale maneno ya kijana kwa simu. Wamenipenda. Wewe uliniambia hivyo hivyo."

Nikakunja waya ambao ulikuwa tayari umekunjwa.

"Kwa hivyo hawakukupenda."

"Hapana, mama."

"Na lile la kutoka mbali, ulilisema kweli?"

"Nililisema. Wakacheka."

Akatoa jiwe kwa maharagwe, akalitupa nje. "Lakini ulikuwa umetoka mbali."

Wueh. Nimeigiza, nimeandika, nimehariri hilo jibu kama kichekesho zaidi ya mara mia. Sikuwahi kufikiria kwamba lilikuwa jibu sahihi lililotolewa kwa watu wasiojua ramani.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia angalau pesa ilikuwa ya chama, haikuwa deni. Hapo akacheka, mara ya kwanza usiku huo. "Chama gani? Chama kilivunjika mapema mwaka ule."

Mnakumbuka nimesema kuna mbuzi. Tulikuwa na mbuzi jike wa kijivu, mwenye mimba. Nilipotoka Nairobi sikumwona, nikauliza, nikaambiwa fisi. Hapa kwetu hakuna mtu hushangaa akiambiwa fisi. Mahindi ya msimu ule yalikuwa yameingiliwa na ndovu. Wengine Sagalla ya chini wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki kwa waya, ndovu akigusa nyuki wanatoka na yeye huogopa nyuki, lakini shamba letu halikuwa na uzio huo. Kwa hivyo mahindi ndovu, mbuzi fisi, hesabu imekubali. Mimi nilikasirika mpaka nikamwambia mama twende KWS tuandikishe fidia, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu. Nilikuwa nimesoma vipengele. Nikamletea hata fomu. Akasema, achana nayo mwanangu, fisi naye ana watoto.

Kumbe fisi ni mimi.

Alimuuzia dalali aliyepita njiani. Mbuzi mwenye mimba angefikisha zaidi, lakini dalali akiona mama anaangalia saa anajua bei. Elfu nne mia nane. Sikujua nilie ama nicheke, nikafanya vyote viwili, na yeye akaendelea na maharagwe yake.

Miaka miwili mimi nilikuwa namwigizia mama kwamba kazi iko njiani, na yeye ananiigizia kwamba kuna fisi. Paneli ya Nairobi ilipata onyesho dogo sana la familia yetu.

Ndiyo maana filamu haijatoka. Nimeandika upya mwanzo. Nimetoa benchi la watu watano, ambalo lilikuwa zuri na cuzo hajanisamehe. Sasa inaanza na dalali akimshika mbuzi mgongoni kupima mimba, na mama akiangalia saa. Sekunde arobaini tu, hakuna anayesema ni pesa za nini. Halafu tunaruka moja kwa moja hadi kwap, kwap, kwap kwa korido. Kila kitu kingine ni kile kile. Njugu, ndovu, jogoo. Nimeionyesha watu wachache na kile kipande cha "nimetoka mbali" bado kinachekesha, ila sasa kicheko kinakatika katikati, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

Nilimwomba mama aigize. Akakataa uso. Akasema mikono ninaweza kuichukua, uso hapana, uso ni wa kanisani. Siku ya kupiga akaja na leso nyingine nzuri, eti ile ya nyumbani imepauka, ikabidi nimrudishe abadilishe. Akamkosoa dalali wangu, ambaye ni jamaa wa bodaboda: "Dalali haangalii mbuzi hivyo, anaangalia kama hamtaki." Tukarudia. Akanikosoa mimi kwa sababu niliandika mama anahesabu noti mbele ya dalali. "Ukihesabu mbele yake anajua hujazoea. Unafunga kwa leso, unahesabu nyumbani." Tukarudia tena. Mara ya tano nikasema "anza" akaniambia nikilisema hilo neno tena ataiuza hiyo simu, na safari hii hatasema ni fisi.

Bado sehemu moja. Mbuzi tumekodi kwa jirani, mia mbili kwa siku, mweupe kwa sababu wa kijivu hatukupata. Shida ni kwamba kila dalali akimvuta atoke kwa fremu, anarudi kusimama karibu na mama. Tumejaribu siku mbili. Jumamosi tunajaribu tena.